Makelele na Soda

Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi wa kikundi cha Biryogo, na tumekubaliana kwamba safari hii hatuandiki kuhusu makaratasi. Tunaandika kuhusu kobayi. Makaratasi yataingia yenyewe huko mbele, mtaona.

Mambo yalianza na video. Mwaka 2024, mwezi wa nne, mmoja wetu alituonyesha kwenye simu mnyama mrefu mwembamba kama soksi, anarukaruka sebuleni kwa wazungu. Jina lake fereti. Watoto wanaokuja kwetu Jumamosi wakashikilia hapo hapo: wanataka fereti. Basi tukasoma habari zake. Kumbe fereti ni wa ukoo mmoja na kicheche, chakula chake ni nyama, si majani wala mabaki ya ugali, analala zaidi ya nusu ya siku, na ananuka hata ukimwogesha. Nyama! Sisi wenyewe nyama tunaiona sikukuu. Tukawaambia watoto, tutafuteni mnyama anayekula kitu ambacho hakiuzwi.

Walio wa Kivu kati yetu wakasema kwa pamoja: kobayi. Tanzania, kule Iringa na Njombe, wanamwita simbilisi. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, lakini Kivu Kusini utadhani alizaliwa pale, maana kila mtaa kuna mtoto mwenye kobayi wake jikoni. Wazazi wetu walimpenda kwa sababu moja ambayo mtu wa mji wenye amani haiwezi kumjia kichwani. Mbuzi anaonekana, ng'ombe anaonekana. Kobayi unamficha chini ya kitanda, na siku ya kukimbia unamtia ndani ya kikapu pamoja na nguo. Mmoja wetu alivuka mpaka hivyo akiwa na miaka sita, yeye na kobayi wawili. Hao wawili hawakufika mbali, na hatukumuuliza zaidi.

Kabla ya kununua tulikaa wiki tatu tukijiandaa, na hizo wiki tatu zilitusaidia kuliko kitu kingine chochote. Kwanza mwenye nyumba tunapokutania. Alikataa. Akasema panya wanamtosha. Tukamwambia si panya, akasema sura ni ile ile. Dada yetu mmoja, ambaye Kinyarwanda chake ni kizuri kutushinda wote, alirudi kwake jioni akamweleza kwamba sanduku litakaa nje chini ya paa, litasafishwa kila siku, na mbolea tutamwekea kwenye bustani yake ya mboga. Hiyo mbolea ndiyo iliyomgeuza. Halafu tukaenda kwa mkuu wa mudugudu, maana sisi tumejifunza: jambo dogo likisemwa mapema linabaki dogo. Alicheka, akaandika jina la kikundi kwenye daftari lake, basi.

Sanduku tulilitengeneza kwa mbao za paleti. Tulikwenda Gakinjiro, Gisozi, kwa mafundi seremala, kuomba vipande na maranda. Hapo tulikosea mara ya kwanza. Tulichukua vumbi la mbao badala ya maranda, tukadhani ni laini zaidi. Vumbi lile linaingia puani mwa mnyama na kumharibia mapafu. Tukamwaga lote, tukaweka maranda makubwa, na juu yake majani makavu. Sakafu tuliifanya ya mbao, kwa sababu wavu unaumiza nyayo zao. Wavu wa kuku tuliuweka pembeni na juu, kwa ajili ya paka. Ndani tukaweka boksi dogo lenye tundu, maana kobayi asiye na mahali pa kujificha anaishi na hofu saa zote. Hilo hatukuhitaji kusoma popote.

Tulinunua wawili kwa mama mmoja anayefuga Kabuga. Wawili kwa sababu kobayi hapendi kukaa peke yake, na usimchanganye na sungura, sungura atampiga mateke. Tulisema tunataka majike wote. Mama akawageuza, akaangalia, akaapa kuwa ni majike. Kisha akatuuliza tutawala lini.

“Hatuwali, mama. Ni wa watoto kuwalea.”

Akatutazama kama tumepotea njia. “Banangu, hii ni mboga. Munalisha mboga, kisha munaiangalia tu?”

Tusiwafiche, ugomvi huo haukuishia Kabuga. Hata katikati yetu walikuwepo waliosema mama yule ana haki. Nyumba nyingi za watoto wetu zinakula mara moja kwa siku, halafu sisi tunatunza nyama na kuipa jina? Tulibishana Jumamosi mbili. Mwisho tulikubaliana kwamba hawa wawili hawaliwi, na wakizaa, mtoto anayetaka kufuga nyumbani atapewa jozi, na ya huko nyumbani ni ya wazazi. Mpaka leo wako wasioridhika. Mmoja wao anasoma maandishi haya na tunajua anatikisa kichwa.

Watoto wakawapa majina. Mmoja Soda, kwa rangi yake ya kahawia. Mwingine Makelele, kwa sababu akisikia mtu anapasua jani analia “wiii, wiii” hadi jirani anatoka nje.

Majani ndiyo kazi yenyewe. Kobayi anakula mchana na usiku, na meno yake hayaachi kukua, kwa hiyo lazima atafune. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni sikukuu yetu: baada ya umuganda majani yaliyokatwa yamejaa, unaomba tu na kujaza gunia. Siku nyingine tunatafuta mabingobingo, ambayo hapa wanaita urubingo. Ya kando ya barabara kubwa hatuchukui, yana moshi na mkojo wa mbwa. Majani ya viazi mviringo hapana, ni sumu. Ya parachichi hapana kabisa. Kabichi kidogo sana, inawajaza tumbo gesi. Maji kila asubuhi, kwenye kikombe kizito cha udongo, kwa sababu chepesi Makelele anakipindua na kukikalia.

Aliyeshika hiyo kazi ni kaka yetu mmoja, tumwite wa Jumanne, kwa sababu alianza na zamu ya Jumanne tu. Baadaye akachukua na Alhamisi, halafu zamu zote ambazo mtu alisahau. Hakuwa mtu wa kuongea kwenye mikutano. Kwenye sanduku aliongea.

Mwezi wa saba jua lilikausha kila kitu. Tukawa tunaleta majani makavu na pumba, tukajisifu kwamba hawalali njaa. Kufika mwezi wa nane Soda akaacha kutembea. Anakaa pembeni, manyoya yamesimama, ukimgusa mguu analia. Tulidhani ameanguka. Wa Jumanne alimfunga ndani ya kitambaa akampeleka kwa mganga wa mifugo, kwa miguu, kwa sababu aliogopa pikipiki itamtikisa. Mganga akauliza swali moja: anakula nini kibichi? Hakuna.

Kumbe kobayi ni kama binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi anaweza, sungura anaweza, kobayi hawezi. Majani yakikauka ile vitamini inapotea, na mnyama anapata kiseyeye, ule ugonjwa uliowaua mabaharia wa zamani: viungo vinavimba, fizi zinatoa damu. Dawa tulipewa, lakini mganga alisema cha maana ni pilipili hoho mbichi, kipande kila siku, na majani mabichi kwa vyovyote vile. Tukachanga. Mama mmoja wa soko la Nyamirambo akawa anatuwekea hoho zilizolainika, anatupa bure. Baada ya wiki mbili hivi Soda akatembea. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, mkituuliza mahitaji ya kikundi, tunajua mnatarajia kompyuta. Mwezi wa nane jibu ni hoho.

Mwezi wa kumi na moja Soda alizaa watatu. Ndiyo, Makelele ni dume. Mimba ya kobayi inachukua miezi miwili na siku kadhaa, kwa hiyo hata wakati wa hoho huenda kazi ilikuwa imekaribia kuanza. Watoto wa kobayi wanazaliwa na manyoya, macho wazi, saa chache wanakimbia. Mmoja alikufa siku ya pili. Makelele tulimtenga siku ile ile, kwa sababu jike anaweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa, na huko ni kumchosha mpaka afe. Tulimpa sanduku la jirani, wavu katikati, wasikilizane.

Sasa makaratasi.

Wa Jumanne na mama yake na wadogo zake walikuwa wamesubiri Marekani miaka tisa. Mahojiano, vipimo vya afya, mahojiano tena. Mwanzoni mwa Januari 2025 wakapewa tarehe ya ndege, mwezi wa pili. Tulifurahi, tulipika. Yeye aliuza godoro, mama yake akagawa masufuria. Jumamosi moja akaja na daftari la shule, kurasa kumi na moja zimejaa. “Asubuhi maji kwanza, majani baadaye.” “Soda anapenda kuguswa shingoni, mgongoni hapendi.” “Makelele akinyamaza nusu siku, ni ugonjwa, msingoje.” “Msikate kucha bila mtu mwenye mkono mtulivu.” Alimkabidhi dada yetu daftari, akawaangalia kidogo, akaondoka haraka.

Tarehe 20 Januari Marekani ikatangaza kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Safari zilizokuwa na tarehe zikafutwa. Yake pia.

Hakuja Jumamosi ile, wala iliyofuata. Tulipokwenda kwao mama alitupokea, tukakaa kwenye mkeka, chai ikaja kwenye vikombe vya kuazima. Yeye alikuwa chumba cha ndani, tulimsikia anakohoa. Hatukujua la kusema. Nani angesema vumilia? Baadhi yetu pia tuna namba zetu kwenye foleni hiyo hiyo. Dada yetu akamwambia mama, kwa sauti ya kusikika hadi ndani, kwamba Makelele hajalia tangu jana na hatujui kama hiyo ni nusu siku au zaidi.

Uongo huo. Makelele alikuwa analia vizuri sana.

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa moja, mwenye nyumba alipiga simu akasema kuna mtu kwenye masanduku. Tulipofika alikuwa amepiga magoti, mkono wake ndani hadi begani, maranda machafu yote nje. Hakutusalimia.

“Nani amewapa kabichi yote hii?”

Tukaangaliana. Kabichi ilikuwa bei rahisi wiki ile.

“Niliandika. Ukurasa wa tatu.” Akamtoa Soda, akampapasa tumbo, akamsikiliza. Halafu akauliza daftari liko wapi, akaomba na kalamu, kwa sababu ukurasa wa tatu alitaka kuuongezea.