Kila Kitu na Kadiri Yake

Ndugu msomaji, nakusimulia kosa langu ili usije ukalirudia. Hapa Mgori, Singida, napata riziki kwa kuwapigia watu chapa barua na hati kwa kompyuta niliyoinunua ikiwa imekwisha kuundwa. Niliiona inajikokota, nikamwamuru mpwa wangu aizidishie prosesa kasi kupita kiwango cha kiwandani. Akasema, "Mjomba, mashine hii haikuundwa kwa hayo." Sikumsikiliza. Haikupita saa ikapata moto, ikazimika, isiwake tena. Nikamgombeza kijana mbele ya wateja.

Naye, bila kunijibu, akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu, akatoa betri ndogo ya volti 3 inayohifadhi mipangilio, akangoja dakika chache, akairudisha. Mashine ikarejea kiwango chake, ikawaka. Kisha akanionyesha feni ndogo iliyosongwa na vumbi. Alipoisafisha, kule kujikokota kukapungua.

Kumbe dawa ilikuwa ufagio, si mjeledi! Nikamtaka radhi mbele ya wateja wale wale. Nawe, msomaji, kabla hujamzidishia mzigo mtu au chombo, tazama kwanza kadiri yake.