Roketi inakataje kona?

Mvuvi mmoja wa Mlingotini aliulizwa na mwanawe wa darasa la sita: roketi hugeukaje huko juu, na hakuna maji ya kuusukuma usukani?

Swali la haki, kwa mtoto aliyekulia kwenye ngalawa. Roketi hubeba vijiinjini pembeni. Kikipuliza upande huu, roketi husukumwa upande wa pili. Scout, iliyopeleka setilaiti ya Uhuru mwezi Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, iligeuzwa hivyo kwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi. Huko Marekani, vijiinjini vya LR-101 vilivyoongoza roketi za Atlas viliuzwa kama mali ya ziada, wapenzi wa roketi wakavifanya injini kuu za roketi walizojiundia. Huchoma aina ya mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika.

Kusikia mafuta ya taa, baba akaingiwa na hofu. Kiberiti kipo jikoni, na pwani hii inawajua waliopoteza mikono kwa baruti ya kuvulia samaki.

Hakukataza roketi, alikataza moto. (Angekataza vyote, mtoto angekwenda kujaribu nyuma ya choo.) Wakachukua chupa ya soda ya plastiki, maji theluthi, kizibo kilichotobolewa na pampu ya baiskeli. Sharti: baba awepo, na hakuna kuinamia chupa.

Jumamosi chupa ilipita paa, ikapinda, ikaangukia chanja ya mwani wa mama. Mama kawahamishia ufukweni. Mtoto anakata mapezi ya boksi.