Fomu Yangu Ilimkataa Ng'ang'a

Wasee, leo nakiri kosa. Mwaka jana nilitengenezea kikundi cha mtaani fomu ya kuomba basari. Siku ya mwisho, saa tano usiku, mama mmoja akanipigia: "Kijana, fomu yako inasema imeili ya mtoto wangu ni feki."

Haikuwa feki. Jina lao ni Ng'ang'a, na imeili ilikuwa na ritifaa, kile kialama cha juu. Mimi nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: kubali herufi, nambari na nukta, kisha @. Alama nyingine yoyote, nje! Kumbe kanuni ya imeili, RFC 5322 ya 2008, inaruhusu ritifaa kabla ya @. Hata alama ya kujumlisha inaruhusu.

Siku hizi sikatikati anwani kwa kubahatisha. Python ina objekti inaitwa Address, ndani ya email.headerregistry. Unaipa anwani nzima, inaisoma kwa kanuni, halafu unachukua vipande: username ni sehemu ya kabla ya @, domain ni ya baada. Ikiwa imeandikwa vibaya, inakataa. Lakini haijui kama mwenyewe yupo. Hiyo unathibitisha kwa kumtumia ujumbe.

Usiku huo nilirekebisha, akaingia kabla ya saa sita. Niliacha chuo, sawa, lakini hapa shida haikuwa cheti. Nimesoma na kina Ng'ang'a na Ng'eno tangu nasari, na bado niliwasahau.

Wewe je, fomu gani imewahi kukataa jina lako?