Hibiskusi ya Ufukoni

Katika mimea ya maua iliyozoeleka nyuani mwetu hapa Ubwari, hibiskusi huonekana kama isiyodai kitu. Hufumbua ua jekundu asubuhi, na jioni ya siku iyo hiyo ua limekwisha kujikunja; ndiyo maana akina mama wanaopamba altare hulichuma alfajiri ya Jumapili, si Jumamosi. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba mmea huo hujilea wenyewe. Kosa hilo tulisahihishwa katikati ya ugomvi.

Hibiskusi ya kwetu ilipandwa na marehemu mama, hatua chache kutoka ufukoni. Vita vya 1996 vilipotufikia, tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukaishi katika kambi ya Nyarugusu zaidi ya miaka kumi. Tuliporudi mwaka 2008 tulikuta nyumba imeanguka, na kiwanjani anaishi mama mjane na watoto wake, aliyekimbia naye kutoka milimani. Hibiskusi ilikuwa imesimama, imejaa maua, imetuzidi kimo.

Tulimwambia kwa ukali kwamba mti ule ndio shahidi wetu. Akajibu bila kupaza sauti: «Mwalimu, ni kweli mama yenu aliupanda. Lakini miaka yote hii, nani alikuwa akiukata?»

Swali hilo lilituuma, maana sisi tuliosomea ualimu tumezoea kuuliza, si kuulizwa. Kumbe ua la hibiskusi hutokea penye chipukizi jipya. Matawi yakiachwa yazeeke, hubaki majani na kuni. Kila mwaka mvua zilipokaribia, yule mama alipunguza matawi kwa panga. Walipoingia wadudu weupe wanaofanana na pamba, aliwaosha kwa maji ya sabuni, kisha akafuata njia ya sisimizi hadi shinani, kwa kuwa sisimizi huwalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu wao. Wakati wa kiangazi alimwagilia shina, ili matumba yasidondoke kabla ya kufumbua. Na mbuzi! Mbuzi hupenda majani hayo kuliko nyasi.

Wazee walikigawa kiwanja, na upande wenye hibiskusi ukabaki kwake. Hatusemi kwamba tulifurahi. Kwa miezi kadhaa tulimsalimu kwa midomo tu. Hata hivyo alimtuma mwanawe atuletee vipande vitatu vya tawi, kila kimoja urefu wa shubiri, majani ya chini yameondolewa, pamoja na agizo: tuvichomeke kivulini, penye udongo wenye mchanga, tuuache uwe na unyevu tu. Tulimwagilia kupita kiasi, viwili vikaoza. Kimoja kilishika.

Mwaka 2021 ziwa lilipanda. Maji yaliingia upande wake, yakatuama kwenye mizizi kwa majuma mengi. Majani yakawa manjano, mti wa mama ukafa. Yeye na watoto wakahamia juu, kwa ndugu.

Mwezi wa Oktoba alibisha hodi kwetu asubuhi, kisu mkononi. «Mwalimu, nimefuata tawi.» Tulimwomba achague mwenyewe, tuliona haya, maana wa kwetu haukuwa umekatwa kwa miaka miwili. Aliuzunguka mara mbili, akatikisa kichwa, kisha akaanza kukata upande ule ule tuliokuwa tukiuonea huruma.