Nilimzuia Asiende Kampala

Mwaka 2019 nilimzuia mgonjwa wa saratani kwenda kutibiwa, na nilitumia jina la Mungu kumzuia. Nimelikiri jambo hili kwa mchungaji wangu na kwa watoto wa marehemu. Sasa nalikiri hadharani, kwa sababu maneno niliyomwambia bado nayasikia hapa Juba wakiambiwa wengine.

Alikuwa mwenzetu katika kikundi cha maombi cha kina mama, mzaliwa wa Kapoeta aliyejifunza Kiswahili ukimbizini Kakuma. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Siku moja baada ya ibada alinivuta pembeni, akanishikisha uvimbe kwenye titi. Daktari alikuwa amemwambia awahi Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, kwani Sudan Kusini haikuwa na mashine ya mionzi. Nauli alikuwa nayo. Kwangu alitaka baraka tu, na mtu wa kumwangalizia watoto.

Nikamwambia anayeomba uponyaji huku ameshika tiketi ya basi ana nia mbili. Nikaongeza kwamba mashine ya Mulago imekufa. Ni kweli ilikufa mwaka 2016, lakini mpya ilizinduliwa Januari 2018, na habari hizo nilikuwa nazo. Tukafunga na kuomba. Nilihubiri juu ya mfalme Hezekia, aliyelia akaongezewa miaka 15. Pale Isaya anapoagiza tini zibandikwe kwenye jipu la mfalme, niliparuka kila mara.

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huohuo huko kwetu karibu na Kitale. Ndugu walimtengea kikombe na sahani, kana kwamba saratani huambukiza. Haiambukizi. Nilipougusa uvimbe wa dada yule nilimwona mama, nikaiona na zamu yangu. Sikutaka arudi kutoka Kampala bila nywele, bila titi, akae mbele yangu kanisani kila Jumapili, watu wapate kusema maombi ya kikundi changu hayana nguvu. Woga huo nikauvika imani, naye akaupokea kwa kuwa aliniheshimu. Nilimkataza hata kuwaambia dada zake, eti shetani asipate mlango. Akabaki na mimi tu, niliyekuwa nikimwogopa.

Titi lilipofanya kidonda na harufu ikaanza, wenzetu walihamia benchi za nyuma. Sikuwakemea. Machi 2020 alikata shauri kwenda, nikubali nisikubali. Mwezi huohuo Uganda ilifunga mipaka kwa sababu ya korona, njia ya Nimule ikafungika kwa abiria. Alifia nyumbani, Gudele, kabla ya mwaka kwisha.

Akiwa kitandani aliniuliza kama anakufa kwa sababu imani yake ilikuwa haba. Nilinyamaza. Hilo linaniuma kuliko yote, kwani hata saa ile ningeweza kumwambia kosa lilikuwa langu, akafa akijua Mungu hakumkataa.

Bado naamini Mungu huponya. Ninyi mnaoongoza maombi, mwenzenu akiwaonyesha uvimbe, ombeni naye siku hiyo, na wiki hiyohiyo mfuatane naye hospitali. Akipewa rufaa, mchangieni nauli, na watoto wake walale kwenu hadi arudi.