Lafudhi ya Mzee Ojwang na ya kwetu Tarakea

Huku kampasi watu wanakesha na notsi, lakini jana chumbani kwetu tulibishana hadi saa sita usiku. Jamaa alifungua kwenye simu kipande cha zamani cha Vitimbi, mwingine akasema kuchekesha watu kwa lafudhi ni kudhalilisha kabila la mtu.

Kwa sisi wa Tarakea, Vitimbi si kitu cha kigeni. Kenya iko pale pale, ukivuka mpaka unashika njia ya Loitokitok. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994 tu, ndiyo maana wazee wetu wanasimulia antena zilizoelekezwa Kenya kutafuta KBC. Mzee Ojwang, jina lake halisi Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Lakini kwenye kioo, pembeni ya Mama Kayai (Mary Khavere), Kiswahili chake kilikuwa cha Mjaluo mtupu!

Nikawatajia na Andy Griffith wa Marekani. Mwaka 1955 aliigiza kwenye televisheni mchezo wa No Time for Sergeants, kijana wa shamba aliyepelekwa jeshini. Ulirushwa laivu, yaani ukikosea hakuna kurudia. Watu walicheka anavyoongea, ila yule wanayemwona mshamba ndiye anayewachanganya wakubwa wake. Na Griffith alitoka North Carolina, lafudhi ile ya kusini alizaliwa nayo.

Hapo ndipo naona tofauti. Ojwang aliiazima, Griffith aliitoa mwenyewe, na wote wawili walipanda jukwaani wakitaka tucheke. Mwanafunzi anayesoma kwa sauti darasani hajaomba kuchekwa. Mimi mwaka wa kwanza nilipowasilisha kazi ya kundi, watu waliangua kicheko kwa nilivyotamka, kabla hawajasikia hoja. Tangu siku ile kwenye makundi nikawa wa kuandika tu, wenzangu ndio wanaongea.

Sasa mwezi ujao naenda BTP, na mwalimu wa kuandika tu ubaoni sijawahi kumuona. Darasani pia ni laivu jamani, watoto hamsini wanakutazama! Kwenye andalio langu la somo la kwanza nimeweka kusoma kwa sauti, na nitaanza mimi, na Urombo wangu wote. Wakicheka nitawaacha wacheke, halafu nitaendelea na aya ya pili. Ila akichekwa mtoto, hapo nitasimamisha somo kwanza.

Niombeeni. Tuko pamoja.