Herufi Zisizokuwamo Kwenye Kibodi

Huko Maskati, mwanamke mmoja ananakili kwenye kompyuta barua za marehemu bibi yake, zilizoandikwa Unguja kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Awali aliazimia kuwarahisishia watoto wake usomaji kwa kutia پ na چ. Kibodi yake ya Kiarabu haina herufi hizo, kwa kuwa Kiarabu sanifu hakina sauti hizo. Akahamia ya Kiajemi, akazipata. Lakini huko kafu na yee zina misimbo mingine. Katikati ya neno jicho halioni tofauti, kompyuta huiona. Akitafuta jina la shangazi yake lenye kafu, baadhi ya barua hazijitokezi.

Bibi hakuijua taabu hiyo. Aliandika ب kwa b na p, ش kwa sh na ch, akamwachia msomaji atambue kama ni baba au papa. Alimwandikia ajuaye Kiswahili.

Mjukuu amerejea kwenye kibodi ya Kiarabu, akazirudisha herufi za bibi. Watoto wake wanaijua hati, lugha inawapiga chenga. Kwa hiyo kila jioni huwasomea kwa sauti.